Kipande Ndani ya Shamba Namba Nne

Pune, India
12 Februari 1995

Baba mdogo Philemon,

Mulembe kutoka mbali. Mwanao Awinja bado nasimama, ingawa vumbi la mji huu limenipa kikohozi kinachonifuata hadi darasani. Msalimie mama mdogo Teresa. Mwambie nimeota ingokho, yule kuku anayempika, mara mbili wiki hii, na mara zote mbili nikaamka kabla ya kufikia paja. Hapa leo ni wali na dengu, kesho ni dengu na wali.

Mama anaendeleaje? Krismasi uliniandikia kwamba amehama Musanda na kuja kwenu Lurambi ili awe karibu na hospitali. Chini ya barua yako aliandika mstari mmoja kwa penseli, nami nimeubandika ukutani juu ya kitanda. Herufi zake zimekuwa ndogo, baba mdogo. Tangu tumzike baba mwaka wa tisini na mbili nimebaki na yeye tu. Sina ndugu wa kugawana naye hofu, kwa hiyo naileta kwako. Mwambie safari hii aandike mistari miwili.

Sasa cheka kidogo. Nimepewa mada ya tasnifu yangu, nayo ni kupaka rangi ramani. Ndiyo, kazi ile ile unayofanya katika ofisi ya ardhi tangu kabla sijazaliwa. Mwaka 1852 kijana mmoja Mwingereza alikuwa akipaka rangi ramani ya majimbo ya kwao, akajiuliza: ukitaka majirani wowote wawili wasiwe na rangi moja, unahitaji rangi ngapi? Si kwa ramani ile tu, bali kwa ramani yoyote ile, hata ambayo haijachorwa. Wanaogusana kwa ncha ya kona tu hawahesabiwi majirani. Ilichukua miaka mia moja ishirini na minne kupata jibu, na jibu ni nne. Sasa wewe mwenye brashi niambie, umewahi kuhitaji rangi ya tano?

Mwanao,
Awinja

—

Lurambi, Kakamega
19 Machi 1995

Awinja mwanangu,

Tumepokea barua yako na kuisoma kwa sauti mara tatu: mara moja kwangu, mara moja kwa mama yako, na mara moja kwa Teresa, ambaye alikuwa jikoni na alidai kwamba sehemu ya ingokho isomwe upya. Sisi hatujambo. Mvua imeanza na watu wanapanda.

Kwa hiyo wamekuvusha bahari, mwanangu, ukafundishwe kitu ambacho mimi ningekufundisha kwa kikombe cha chai! Mezani pangu pana chupa nne: njano, kijani, buluu na waridi. Miaka ishirini na sita. Unaanza na shamba lenye majirani wengi, kisha unatoka nje taratibu, na ukikwama unarudi nyuma na kubadilisha mawili matatu. Wakati mwingine inabidi ufute nusu ya karatasi na kulaani babu za watu waliogawa ardhi ovyo. Lakini chupa ya tano sijaifungua. Hata wale wenye vipande viwili, ambao kwa sheria ya ofisi yetu ni lazima vyote vipakwe rangi moja kwa kuwa mwenyewe ni mmoja, nimewatosheleza. Sikujua kwamba hiyo ni elimu. Nilidhani ni ubahili wa serikali.

Nayo serikali hiyo imenikumbuka. Mwisho wa Aprili napunguzwa kazini pamoja na wenzangu kumi na mmoja. Kwa hiyo usijaribu tena ile simu ya ofisini, maana hakutakuwa na Philemon wa kuipokea.

Mama yako anakunywa uji na kulalamika kwamba sukari ni kidogo, na mimi naona mgonjwa anayelalamika ana nguvu. Kaka Khisa alikuja juzi kuuliza kwa nini mjane ametoka bomani. Ana kinyongo tangu mama yako alipokataa kurithiwa naye. Nilimpa chai akaenda. Mama yako alikuwa anasikiliza, akaniambia, "Huyu Khisa anakujanga kuangalia kama nimekufa." Tukacheka, ingawa mimi sikucheka sana.

Lakini nani alithibitisha hiyo nne? Mtu anawezaje kusema juu ya ramani ambayo haijachorwa?

Baba yako mdogo,
Philemon Osiako

(Na hapa chini, kwa penseli:) Soma mwanangu. Usiache. Mama yako Pascalia.

—

Pune
23 Aprili 1995

Baba mdogo,

Pole kwa kazi. Sijui ofisi ile itakuwaje bila wewe; huenda sasa Lurambi yote itapakwa kijani kibichi na watu wapigane. Mimi sijambo, joto tu.

Mistari ya mama nimeihesabu. Ni mistari mitatu mifupi, na neno la mwisho limeanguka chini ya mstari. Baba mdogo, nisikilize. Nimeulizia chuoni, na wameniruhusu kusimamisha masomo kwa mwaka mmoja. Mtihani wa mwisho unaanza mwishoni mwa Oktoba, lakini naweza kuufanya mwakani. Andika neno moja tu, "njoo", nami nitakuja. Sitaki kusikia habari ya mama yangu baada ya watu wote.

Umeuliza nani alithibitisha. Wa kwanza alikuwa wakili, Mwingereza. Mwaka 1879 aliandika uthibitisho mzuri mno, wakamsifu. Ulikaa miaka kumi na mmoja ndipo mwingine akaona una kosa. Miaka kumi na mmoja, na wote walikuwa wameusoma! Profesa wangu husema hawakuona kosa kwa sababu walilitaka jibu.

Wa mwisho walikuwa watu wawili Amerika, mwaka 1976. Walionyesha kwamba kama kungekuwa na ramani inayohitaji rangi tano, basi ndani yake lazima kungepatikana mojawapo ya maumbo fulani, karibu elfu mbili. Kisha kompyuta ikayapitia yote moja moja, saa zaidi ya elfu moja, na kila umbo likashindwa. Hakuna binadamu aliyeyapitia yote kwa macho yake. Kuna wanahesabu wazee waliokataa kabisa, wakasema hili si thibitisho, ni taarifa tu. Nilimuuliza profesa kama yeye anaamini. Akajibu kwamba anamwamini aliyeona, hata kama aliyeona ni mashine.

Naomba jibu la mama kwanza, la ramani baadaye.

Awinja

—

Lurambi
9 Julai 1995

Mwanangu Awinja,

Nisamehe kuchelewa. Tangu nitoke ofisini siku zangu hazina mpangilio, nakaa nikinoa penseli ambazo sina kazi nazo. Teresa anakusalimu. Kukhu, nyanya yako huko Musanda, naye anakusalimu. Macho yamepungua lakini ulimi bado.

Mama yako ametulia. Hana maumivu. Kushika penseli hawezi, kwa hiyo usitafute mstari wake hapa chini. Alichosema mwenyewe, na alinisemesha mbele ya Teresa ili nisije nikakana, ni kwamba usikatishe masomo. Usije. Maliza mtihani wako wa Oktoba, kisha uje.

Kuhusu hiyo kompyuta, mimi nipo upande wa wale wazee. Katika kazi yetu ramani haitiwi sahihi mpaka mtu awe amekanyaga kila kona kwa miguu yake. Akija mtu na kusema "kona ile ipo, niliambiwa", tunamrudisha shambani.

Na nina jambo litakaloitoa jasho hiyo mashine yako. Nimepata ramani inayokataa! Mashamba matano tu, nimeichora mwenyewe mwezi jana. Nilifika shamba la mwisho, nikabadilisha huku na huku, nikafuta, nikaanza upya kutoka shamba la pili. Wapi. Ilibidi nitume mtoto wa jirani dukani aninunulie wino mwekundu. Miaka ishirini na sita, halafu rangi ya tano inanijia nikiwa nyumbani! Nimekunakilia kwa namba bila majina. Mwonyeshe profesa. Mwambie kuna mzee Kakamega ana swali.

Philemon Osiako

—

Pune
6 Agosti 1995

Baba mdogo mpendwa,

Mulembe. Mvua ya hapa haijui kupumzika, nguo zangu zinanuka ukungu. Nafurahi kusikia mama hana maumivu. Nitatii, nitamaliza, ingawa moyo haujaridhika.

Ramani yako nimeikalia siku tatu, na kwa siku mbili za kwanza niliogopa kweli! Kisha nikaona. Namba moja, mbili na tatu zimezunguka namba nne, na kila moja inagusa mwenzake, kwa hiyo hizo nne lazima ziwe na rangi nne tofauti. Namba tano iko nje, inapinda na kugusa moja, mbili na tatu, lakini haigusi nne. Basi tano na nne zinaweza kuvaa rangi moja, tena ndiyo njia pekee. Rangi nne zinatosha, zingetosha, kama usingeweka kile kipande kidogo cha wino mwekundu katikati ya namba nne. Hicho umekipaka rangi ya namba tano. Kwa sababu ya kipande hicho, namba tano sasa inagusa kila mtu.

Kanuni yangu imesimama, mzee. Inasema juu ya nchi zilizo kipande kimoja. Mwenye vipande viwili anaweza kuivunja, na ukiwa na watu wengi wa namna hiyo utahitaji hata rangi kumi na mbili. Wewe umelazimisha rangi moja kwa sheria ya ofisi ambayo imekufukuza! Profesa amecheka, amesema anakupa alama tisini.

9 Agosti. Sikuituma barua hii. Leo nimeitazama tena ramani yako nikinywa chai, na nikaona kitu ambacho si hesabu. Namba tano imepinda kama kiwiko, na kando yake umechora kijito. Ni kwetu. Ni shamba la baba. Namba nne ni lako, mbili ni la kukhu, moja ni la baba mkubwa Khisa. Nimekimbilia maji yale utotoni na bado nimekaa nayo siku tatu nikiyaita mstari.

Baba mdogo, kile kipande chekundu ndani ya shamba lako ni nini?

Awinja

—

Lurambi
3 Septemba 1995

Mwanangu,

Barua imefika. Mshukuru profesa kwa alama, ingawa ninadai zile kumi.

Hapa miwa imekaa shambani kupita wakati, matrekta hayaji, na watu wamenuna. Teresa amepata vifaranga kumi na vinne. Kanisa la Musanda limeezekwa bati jipya.

Kipande ulichouliza ni kipande tu. Kina historia ndefu kidogo, tutazungumza ukija. Wewe soma, Oktoba haiko mbali.

Philemon

—

Pune
24 Septemba 1995

Baba mdogo,

Sina salamu ndefu leo. Mimi ni mzima.

Barua yako ina trekta, ina vifaranga, ina bati. Haina mama. Ni ya kwanza tangu nije huku ambayo haina mama.

Nimerudi kwenye ramani. Wewe huwezi kuchora bila kuandika kipimo, hata ukichora kwa mzaha, na chini umeandika kwamba sentimita moja ni mita tano. Nimeweka rula juu ya kipande kile. Ni mita sita kwa mita nne. Hapo hapapandwi miwa. Hapajengwi nyumba. Nimejaribu kufikiria kitu kingine chochote kinachoweza kukaa katika mita sita kwa nne katikati ya shamba la mtu, nimejaribu kama vile mtu anavyojaribu rangi, na kila jibu limekataa isipokuwa moja.

Je, mama amekufa?

Kama amekufa, amekufa lini? Na kwa nini yuko kwako, wakati baba yuko bomani kwake na upande wa kushoto tulimwachia mama nafasi?

Ulisema hamtii sahihi kona ambayo hakuna aliyeikanyaga. Mimi sikukanyaga chochote. Nilikuamini wewe, nikaita hiyo habari. Niliandika "nafurahi kusikia mama hana maumivu." Niliandika hivyo, baba mdogo, nawe ukaisoma.

Nataka jibu la kweli, hata likinikuta kwenye chumba cha mtihani. Usiniamulie tena.

Awinja

—

Lurambi
15 Oktoba 1995

Mwanangu Awinja,

Naituma leo. Najua itakufikia mtihani ukiwa umeanza, lakini umeniambia nisikuamulie, nami nimekoma.

Ndiyo. Mama yako alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, hapa nyumbani kwangu.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilificha hata kilio, na kilichonifichua ni brashi yangu mwenyewe. Sikukutumia ramani ile ili ujue. Natamani ningeweza kusema hivyo, ingenipa sura nzuri. Ukweli ni kwamba baada ya mazishi kaka Khisa alitaka shamba la baba yako liwe lake, akisema halina mtu. Nikachora ramani ya kumpelekea chifu, aone kwamba lina mwenyewe, ndiye wewe. Nilipofika kaburini mkono ulipaka rangi ya namba tano bila kuniuliza, kwa sababu ndivyo nilivyozoea, mwenyewe mmoja rangi moja. Kisha rangi zikagoma, na mimi mjinga nikafurahi. Nilifurahi kama fundi, nikasahau kabisa kile kipande kilikuwa nini, nikakimbilia kukuandikia. Barua ilipokwisha kwenda posta ndipo Teresa aliponiuliza kama nina akili.

Unauliza kwa nini yuko kwangu. Tulifika Musanda na gari la maiti, tukamkuta Khisa amesimama langoni na wazee watano nyuma yake. Akasema, "Mwanamke akitoka kwa boma na miguu yake, harudingi na sanduku." Nilibishana naye siku hiyo na kesho yake. Nikamwambia alitoka kwa ajili ya hospitali. Akasema alitoka kwa sababu alimkataa yeye, na mbele za watu wote hakuona aibu kulisema. Siku ya pili jioni nilichoka. Ningeweza kubishana siku ya tatu, na huenda wazee wangelegea, lakini nilichoka. Hilo nalijutia kuliko yote.

Basi nikampa pahali kwangu, katika shamba langu la huko huko Musanda. Si kumkaribisha tu, nilimpa kabisa, kwa desturi. Unajua mtu akipewa ardhi kwetu, mwenye kutoa na mwenye kupokea hushika pamoja mche wa lusiola na kuupanda mpakani. Mwenye kupokea ni wewe, na hukuwepo. Nikasimama pale na mche mkononi, hakuna wa kuushika upande wa pili, watu wote wakitazama ardhi. Kukhu yako akainuka kwenye mkeka, akaja akipapasa, akasema, "Leteni, mimi ndiye Awinja." Tukapanda minne, kona nne. Mitatu imeshika. Mmoja ulikauka nikaurudishia.

Mama yako alivaa gauni lile la buluu la ushirika wa akina mama, na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa mwepesi sana. Watu wa kwaya walikuja wote, hata wale wa upande wa Khisa, wakaimba mpaka udongo ukaisha. Teresa alitaka kukuandikia siku ile ile. Mimi ndimi niliyemzuia, usimlaumu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo sijamwambia hata Teresa. Ile Jumatatu, siku moja kabla, mama yako alinishika mkono akaniuliza, "Mtoto amemaliza?" Ilikuwa Juni, Awinja. Ulikuwa umebakiza miezi minne. Alikuwa ameniapisha nisikuite, alijua anakushikilia huko kwa nguvu zake mwenyewe, na nilimwona anangoja neno moja apumzike. Nikamwambia, "Amemaliza. Ameshinda. Amepanda ndege, yuko njiani."

Akaachia mkono wangu. Akamwambia Teresa amvalishe kitambaa kichwani ili usimkute na nywele vile, akalala akiutazama mlango.

Baba yako mdogo,
Philemon